Kijiko cha Mpishi

Mpishi wa hoteli ile ya Embu alitengeneza sosi ya saladi kwa masikio. Viini vya mayai, ndimu, kitunguu saumu na krimu vikishaingia kwenye blenda, aliinamisha kichwa na kumimina mafuta membamba kama uzi, akingoja mngurumo mkali ugeuke mzito. Hapo alijua sosi imeshikana. Kisha alionja, akapangusa kijiko kwenye aproni. Kagure, mhudumu wa meza, aliona kwamba tangu mzee huyo augue homa mwezi wa nne, hakuwa amegombana na mtu juu ya chumvi, yeye ambaye zamani angerudisha sufuria nzima.

Jumamosi ya harusi, umeme ukiwa umerudi asubuhi hiyo baada ya kupotea siku mbili, Kagure alipigwa na harufu akiwa bado mlangoni. Krimu ilikuwa imeoza. Mpishi akachovya kijiko kwenye jagi la sosi, akalamba.

"Iko sawa. Peleka, wageni wamekaa."

Kagure alimtazama. Mpishi akauona uso wake, akaelewa, akakiweka kijiko chini. Nje meneja alikuwa anakuja akiulizia saladi. Kagure akainamisha jagi lote kwenye sinki, akafungua maji.

"Imeniponyoka," alimwambia meneja.

"Jumatatu usirudi hapa."

Mpishi alipasua mayai mengine, akafungua kopo jipya la krimu, akasikiliza blenda mpaka ikawa nzito. Kijiko hakukipeleka mdomoni. Alimnyooshea Kagure, macho yakiwa ukutani.

"Ongeza chumvi kidogo, Mzee," Kagure alisema, akivua aproni.