Vifaranga vya Kishingo

Wifi yangu ana kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Ugonjwa wa mdondo ukipita hapa Iguguno ukafagia mabanda yote, wa kwake unawakuta wanachakura. Mbegu hiyo alirithi kwa mama yake. Anajua yai lipi la kuatamiwa na lipi la kukaanga, anajua shubiri ikatwe lini iwekwe kwenye maji yao. Mimi najua kuongea. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo walipokuja kutafuta kuku wagumu wakaletwa kwangu, nami nikawapeleka kwake kifua mbele, kama mali ni yangu.

Wakaomba tetea na jogoo. Wakauliza na habari za shubiri, wifi akawaeleza yote.

Huku kwetu nikikupa tetea ukamfuge, akitotoa tunagawana vifaranga. Hatuandikishani. Hata kusema hatusemi. Ukisema ni kama umemwita mwenzio mwizi. Kwa hiyo wifi aliponitazama, nikamwambia, "Toa tu. Watu wenye shikamoo nzuri hivi watashindwa kugawa?"

Akatoa. Wiki hiyo hiyo akaanza kupanua banda.

Masika yakaja yakaisha. Kila nikipita ananiuliza, "Wifi, watu wako vipi?"

"Wanaatamisha."

"Au wameamua kuatamia wenyewe?" Tunacheka. Mimi nacheka kidogo.

Ndipo nikaenda Ikungi kumwona binti yangu, nikapita sokoni. Nikakuta maboksi ya vifaranga, shingo tupu, watu wamejaa wananunua. Muuzaji ni mmoja wa wale wale wataalamu.

"Shikamoo bibi! Umewaona wajukuu zako? Wamezaana!"

"Marahaba. Nimewaona. Fungu letu liko wapi?"

Akacheka kwa adabu. "Bibi, hawa hatugawi, tunauza. Ila wewe nitakupunguzia."

Mdomo wangu unajulikana mpaka Singida mjini, lakini siku hiyo ulikufa. Watu walinigeukia kama wanavyomgeukia ombaomba. Nikatoa hela ya alizeti niliyokuwa nampelekea binti yangu, nikanunua vifaranga vya kuku wetu wenyewe.

Nikampelekea wifi. "Fungu lako hilo."

Akapokea kwa mikono miwili. "Kumbe watu wa maana! Nami nilikuwa nawasengenya." Akawaombea kwa Mungu pale pale, nami nikaitikia amina. Mwanamke mzima, nina wajukuu, naitikia amina ya uongo wangu.

Ningeweza kukaa na aibu hiyo mpaka kaburini, ila wataalamu walirudi. Safari hii walitaka tetea mweusi, wa mwisho wa mbegu ile ya mama yake wifi. Wifi alikuwa ameshamfunga kamba mguuni kabla hawajakaa.

"Usimtoe," nikasema.

"Wifi, acha roho mbaya. Watu walitugawia vizuri tu."

Yule mtaalamu wa sokoni akashangaa. "Tuliwagawia? Mama, bibi huyu alinunua."

Wifi hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliinama akafungua ile kamba, tetea akakimbilia uani. "Kwa hiyo nilikuwa namshukuru Mungu kwa hela yako," akaniambia. "Nenda kachemshe chai."

Nikaenda. Toka jikoni nikamsikia, yeye asiye na maneno, akilazimika kusema lile ambalo kwetu halisemwi: "Akitotoa, changu ni kipi? Na ile dawa niliyowafundisha, mnaiuza?"

"Mama, hilo mpaka niwaulize wakubwa."

"Kawaulize. Huyu hatoki hapa mpaka urudi na jibu."

Mimi ndiye niliyemfikisha hapo, kuwauliza wageni uani kwake kama anayewashuku wizi. Nilipoleta chai, akachukua vikombe akawapa. Mimi hakuniambia nikae.