Siku Niliyomleta Ndirangu Harusini

Ukinitajia Tetu mbele za watu mimi huinamisha uso, na leo nitawaeleza sababu, halafu mcheke kama bado mtakuwa na hamu ya kucheka.

Miaka ile ya tisini nilikuwa na studio ndogo Nyeri mjini, picha za kipande na video za harusi, na kichwa kikubwa kuliko studio yenyewe. Nilikuwa nimeenda Nairobi kwenye maonyesho ya mitambo, nikamkuta jamaa mmoja na kompyuta, kamera yake inaangalia meza tupu lakini kwenye skrini meza hiyo hiyo ina jagi juu yake. Akatuambia huo unaitwa uhalisia ulioongezewa, yaani ukweli unabaki pale pale ila wewe unauongezea kitu kisichokuwepo. Akasema iko siku daktari ataona mfupa uliovunjika juu ya mguu wa mgonjwa kabla hajashika kisu, fundi ataona kwenye injini ni skrubu ipi ya kufungua, na mwenye ploti ataona nyumba yake imesimama kabla hajanunua jiwe la kwanza. Nikarudi Nyeri nikawahubiria habari hizo wateja wote (hata wale waliotaka tu picha ya kitambulisho waende zao).

Kompyuta kama ile sikuwa nayo. Nilikuwa na mtambo mkuukuu wa kuchanganya picha: ukimpiga mtu video mbele ya kitambaa cha bluu, mtambo unaifuta bluu na kumpandisha yule mtu juu ya picha nyingine, hata ile ambayo kamera inaichukua saa hiyo hiyo. Siku ya kuujaribu nilimsimamisha rafiki yangu Ndirangu mbele ya kitambaa, akawa ananicheka tu, mikono mfukoni, na kaseti ile nikaihifadhi. Mwaka uliofuata Ndirangu akafa ajalini kwenye barabara ya Kutus. Gari liliungua, na wazee wakaamua jeneza lisifunguliwe. Mama yake aliomba amwone hata mkono, wakamkatalia, akazikiwa mwana ndani ya mbao zilizofungwa.

Basi dada ya Ndirangu, Wangeci, alipokuwa anaolewa Kianyaga, alikuja studio. "Kwa hiyo kaseti yetu ya nyumbani uniwekee Ndirangu kando yangu," akasema. "Lakini ufanye baadaye, huku kwako. Mama asione siku ya harusi."

Nikamwambia asiwe na shaka.

Siku ya harusi, kwao Tetu, nikaweka televisheni chini ya hema, imeunganishwa na kamera kupitia ule mtambo, kwa ajili ya akina mama wazee ambao hawangeona jukwaa. Mama Ndirangu, kwa sababu ya mguu wake mbaya, aliketishwa mbele kabisa. Kamera ilipompitia, akaniuliza, "Huyo amevaa kitambaa kama yangu ni nani?" Nikamwambia, "Ni wewe, mama. Hebu inua mkono." Akainua, na yule wa kwenye televisheni akainua, mama akacheka mpaka akajifuta macho. Na mimi, mwalimu wa watu, nikamwambia: "Yenye unaona hapo iko hapa kwetu saa hii hii."

Kisha wageni wa Kianyaga wakaanza kuusifu mtambo wangu, na sifa, mnajua, humlevya mtu kuliko pombe. Mshereheshaji alipoita jamaa ya bibi harusi wapigwe picha, Wangeci akasimama na mjomba wake, na upande wa kulia pakabaki nafasi. Nikaiona ile nafasi. Nikajiambia, kidogo tu, wageni waone, halafu nitoe. Nikaingiza kaseti nikabonyeza.

Ndirangu akatokea kando ya dada yake, mikono mfukoni, anacheka.

Wageni wakapiga makofi. Watu wa Tetu hawakupiga. Nilipogeuka kumtazama mama, kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa anavuka uwanja bila fimbo yake, mguu ule ule uliokuwa haumbebi, anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si niliwaambia hamkunionyesha mtu."

Akafika pale penye nafasi akanyoosha mkono. Kwenye televisheni watu wote walimwona akimshika mwanawe begani, na mkono ukapita. Akajaribu tena. "Ako wapi? Wangeci, sogea kidogo, umemziba." Wangeci akaanza kulia. Na mimi sikuzima, mpaka mjomba akaja akang'oa waya na televisheni ikawa nyeusi. Wazee wa Kianyaga walikuwa wananong'ona kwamba wameoa katika nyumba ya mizimu, mshereheshaji akanitaja jina kwenye kipaza sauti, eti nijieleze. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akaja kwangu mwenyewe, polepole. Hakuwa na hasira. "Nimeelewa ni mashini," akasema. "Mrudishe kidogo tu. Nitakaa hapo hapo kwa kiti, sitasimama tena."

Watu wote walikuwa wananitazama, na niliona aibu. Nikamwambia kaseti imekatika. Ilikuwa mkononi mwangu, nzima.

Wiki iliyofuata moyo ulinisuta, nikabeba televisheni na betri ya gari mpaka kwake. Akanipikia chai. Nilipoanza kuunganisha nyaya akanishika mkono.

"Wacha tu," akasema. "Siku hiyo dada yake alikuwa hapo, mjomba alikuwa hapo, majirani wote. Nilitaka kumuaga na watu wake wakiwa hapo. Sasa nitamuaga na nani, mimi na wewe?"

Nikanywa chai yote, nikakunja nyaya zangu. Mtambo niliuuza. Siku hizi naona vijana na simu zao wakiwavisha watu masikio ya sungura, nacheka nao. Lakini wakiniletea picha ya marehemu wakaniomba nimsimamishe katikati ya walio hai, nakataa, na wakiniuliza kwa nini, nasema sijui kufanya.