Siku tulipopigia maharagwe kura jikoni kwangu, Muthara

Wakuu, salamu kwenu. Nawaletea kitu kilichotokea jikoni kwangu mwenyewe, kwa hivyo anayetaka kubisha aje kwanza aone sufuria.

Mimi ni mke wa mtu hapa Muthara. Boma letu ni moja na la baba mkwe.

Msimu uliopita watu wa research walikuja kutoka Embu. Group yetu ilikuwa imewapandia aina mbili za maharagwe, na sasa ilikuwa siku ya kuchagua. Itakayoshinda ndiyo tungeletewa mbegu yake.

Nyekundu ni kubwa, mabroka wanaipenda. Manjano ni ndogo, haina sura, lakini inaiva haraka.

Nyekundu unaiweka motoni asubuhi, mchana bado inakukodolea macho. Na kuni, wakuu, hazijileti. Mimi ndiye huzibeba, na tangu nijifungue mgongo haujakaa sawa. Ile manjano niliitaka kwa roho yote.

Mikebe miwili ikawekwa mezani mbele ya wazee. Kila mtu atupe punje kwa mkebe wa aina anayotaka. Wazee wakatangulia, wote nyekundu. Sisi wanawake tukafuata, nyekundu. Hata mimi.

Msinicheke. Kwetu mke hapingi baba mkwe mbele ya watu, na Mzee alikuwa amekaa pale na bakora yake, anaangalia kila mkono.

Karimi, msichana wa research, alifurahi sana eti tumekubaliana. Akanifuata jikoni kusaidia kubeba chai.

Nikamwambia, "Karimi, hapo hamjapata maoni yetu. Mumepata ya wazee mara mbili."

"Kwani si mumepiga wenyewe?"

"Mbele ya baba mkwe? Hata wewe ungepiga hiyo hiyo."

Akaangalia mafiga. "Hapa Mzee huingia?"

"Jikoni ya bibi ya kijana yake? Hata mvua inyeshe, atasimama nje."

Akatoka, akarudi na mikebe.

Mzee hakupenda. "Kwani hawa hawajapiga?"

"Wamepiga, baba," Karimi akamjibu kwa adabu, "lakini kama wageni wako. Sasa wapige kama wapishi."

Mzee akafikiria. "Sawa. Wapike hiyo kura yao."

Wanawake wakaingia mmoja mmoja, mimi nikiwa pale kwa mafiga na chai yangu. Mama mkwe alipofika alitupa punje yake kwa manjano, akanifinya mkono, akatoka. Nusura nilie. Miaka yote hiyo nilidhani niko peke yangu.

Karimi akasoma matokeo, nje nyekundu, jikoni manjano, na group ikaletewa mbegu zote mbili.

Mvua za juzi zilipokaribia, nikasikia kikohozi nje ya mlango wa jikoni. Ni Mzee, ameshika mkebe.

"Mama Kendi, ile manjano imebaki? Nipimie kidogo nipande pale juu."

Tangu niolewe hajawahi kuniuliza jambo la shamba. Nilimjazia mkebe mpaka ukamwagika.

Funzo langu ni hili: ukitaka kujua watu wanataka kula nini, usiulize tu aliyekalia kiti. Tafuta mahali mpishi anaweza kusema bila kuangaliwa.

Kwetu ni jikoni. Kwenu ni wapi? Semeni hapa chini. Na akina dada wa Nkubu, najua mnasoma, msijifiche.