Majani Yaliyojikunja Juu ya Paa

Kaka yangu alianguka kutoka orofa ya pili ya jengo alilokuwa akipiga plasta, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitalini nilimleta kwangu mtaa wa Kware, orofa ya sita, na tangu siku hiyo hakuziweza ngazi. Vidonge vya maumivu vilimchoma tumbo. Mwenzake wa mjengo akaja kumjulia hali na mbegu kwenye karatasi.

"Ni za bangi," kaka akaniambia wazi. "Nataka nijaribu."

Nilikataa. Mimi ni mama wa kanisa, na sheria naijua. Lakini asubuhi moja nilimsikia akilia bafuni, mtu mzima, mkubwa wangu, akiwa ameziba mdomo kwa taulo. Siku hiyo hiyo nilipanda juu ya paa, nikazifukia mbegu kwenye ndoo ya rangi, katikati ya nyanya zangu. Ikaota moja.

Kuumwagilia mmea huo ilikuwa kazi yangu. Yeye aliuliza tu, "Umefika wapi?" nami nikamwonyesha kwa mkono: gotini, kiunoni. Picha sikupiga, kwa sababu simu yangu hushikwa na kila mtu kwenye chama chetu cha akina mama. Ulipoanza kutoa maua yenye kunata, alisema zimebaki wiki tatu hivi kabla ya kuvuna. Ndipo majani yakajikunja.

Nilimweleza, akakunja uso. "Ni wadudu?"

"Sijui."

"Basi uliza, dada. Usiuache ufe sasa."

Nikaenda kwa muuza dawa za mimea karibu na soko, msichana mwenye miwani, nikamwambia nyanya zangu zinaumwa.

"Majani yamejikunja kwenda juu ama chini, mathe?"

"Chini. Kama kucha za kuku."

"Rangi?"

"Kijani kizito, karibu cheusi. Ncha zimeungua."

"Umeangalia upande wa chini wa jani? Kuna vidudu, ama utando?"

"Nimeangalia. Hakuna kitu."

"Mbolea gani?"

"Ya mbuzi, kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko."

"Ilikuwa imekauka vizuri?"

Nikakumbuka jinsi gunia lilivyokuwa na joto mgongoni. Ilikuwa bado mbichi.

"Niletee jani moja nione."

"Hilo siwezi."

Alinitazama kwa muda. Mimi nikatazama magunia ya chakula cha kuku. "Sawa," akasema polepole. "Hiyo nyanya yako imevimbiwa. Acha mbolea kabisa. Mwaga maji matupu mpaka yatoke chini ya ndoo, kisha uache udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena. Yaliyojikunja hayatanyooka. Angalia yale mapya."

Sikuwa nimemtajia ndoo.

Njiani kurudi nilijua la kumwambia kaka, na sikulipenda. Mbolea ile niliiongeza mimi, mara mbili kwa wiki, bila kumwambia. Nilitaka mmea ukomae upesi, uvunwe, uondoke kwenye paa langu kabla mtu hajaujua. Nilikaa kando ya kitanda nikamweleza yote.

Akaanza kucheka, akashika nyonga kwa maumivu, akaendelea kucheka. "Umeulisha kama unavyonilisha mimi," akasema. Nikacheka pia, ingawa aibu ilikuwa haijaniisha.

Nilifuata maagizo. Majani mengi ya zamani yalianguka. Machache madogo yaliyotoka juu yalikuwa yamenyooka, na maua yalibaki. Tulichovuna kilijaa kikombe kimoja cha chai. Alikitumia kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, akasema maumivu hayakuondoka ila yalisogea pembeni, akapata usingizi. Mimi nilifungua madirisha moshi utoke.

Kilipokwisha, aliniuliza kama nitapanda tena. Nikamwambia hapana, moyo wangu hauna nguvu hiyo. Hakunilaumu. Mwezi uliofuata alianza mazoezi ya kushuka ngazi, orofa moja kwa siku, mimi nikitangulia mbele yake kinyumenyume.