Albamu Yangu ya Kwanza Mwaka Huu Haina Mwenyewe

Enzi zetu, pale Kahama, wimbo ulikuwa na mwenyewe. Naanza hivyo kwa sababu nina hasira, na nimejifunza kwamba hasira isiyopangwa huishia kuwa kelele. Nitaipanga. Walio wa rika langu watanielewa, na vijana wakitaka wasome pia, ingawa najua wataruka hadi mwisho, kama wanavyofanya na nyimbo.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha kuchambua pamba. Alifika Ushetu, Runzewe na Geita, na vijiji vingi ambavyo sisi tulivijua kwa rangi ya vumbi lililorudi kwenye shati lake. Kila safari alibeba redio kaseti yake kwenye kiti cha abiria, ameifunga kwa kitenge cha Mama kama mtoto mwenye homa. Mavuno yakiisha na watu wakipata nafasi ya kucheza, popote alipomkuta manju, yule mtunzi anayeongoza ngoma, aliomba ruhusa, akaweka redio chini, akarekodi.

Na manju wa kweli hakuimba kabla hajajitaja. Alianza na jina lake, mtoto wa nani, kijiji gani, kafundishwa na nani. "Nene ng'wana fulani," mimi ni mtoto wa fulani. Wengine walijitaja mpaka uji ukaingia utando. Sisi watoto tulichoka kusubiri, tukaanza kucheza mdako pembeni, lakini Baba alisikiliza majina yale kama anayesikiliza habari za saa mbili.

Nyumbani kwetu mwaka mpya ulikuwa na desturi yake. Mchana, wali na kuku vikishaliwa na vyombo kuoshwa, Baba alitandika mkeka barazani. Betri zilizokuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo zilirudishwa kwenye redio, bado za moto. Kila mmoja wetu alileta kanda moja aliyoiona bora kuliko zote za mwaka ule, na alipaswa kuitetea. Mama alileta kwaya, mwaka hadi mwaka. Dada yangu Dotto alileta rumba. Mimi nilibadilika kama upepo. Kanda ilisikilizwa upande mzima, hakuna kuruka, na utepe ukijisokota tuliurudisha taratibu kwa kalamu, huku tukitafuna matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, vigumu kiasi kwamba ubishi ulisimama mpaka mtu amalize kumeza.

Sheria ilikuwa moja. Kabla ya yote Baba aliuliza, "Nani kaimba?" Ukishindwa kujibu, kanda yako inatoka mashindanoni hata kama ni tamu vipi. Mwaka mmoja Dotto alisahau, akajibu kwamba ni yule mwenye sauti nzito.

"Hata dume la jirani lina sauti nzito," Baba akasema. "Toa."

Tulicheka mpaka Mama akatufukuza barazani. Lakini Baba hakuwa anatania. Alisema mgeni haingii nyumbani kwake bila kujitambulisha, hata akiwa ndani ya kaseti.

Nilipokuwa darasa la sita alirudi kutoka Ushetu na kanda ya mwanamke aitwaye Holo, mtoto wa Masunga. Wanawake waliotunga na kuongoza ngoma walikuwa wachache, na Holo aliimba kana kwamba analijua hilo na halimtishi. Aliimba juu ya jembe, juu ya mume mwenye maneno mengi, juu ya tumbaku inayotaka kulelewa kuliko mtoto. Baba aliipiga kanda ile miezi yote. Hatukuwa na shaka ni ipi itakayoshinda siku ya mkeka.

Mimi nilitaka kanda tupu. Kuna nyimbo za redioni nilizitamani, na kanda ya Holo ilikuwa ya dakika tisini. Nikafikiri: akitolewa yale maneno yake ya mwanzo, anatosha kwenye kanda yangu fupi ya dakika sitini, nami nichukue ile ndefu. Nikaipeleka kwa fundi wa kurekodi karibu na stendi, nikamwambia ahamishe nyimbo tu, maneno ayaruke. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Kisha ile kanda kubwa, ambayo Baba alikuwa ameivunja vimeno vya nyuma ili isifutike, niliziba matundu yake kwa karatasi niliyoitafuna, nikarekodi juu yake nyimbo ambazo leo sizikumbuki hata moja.

Siku ya mwaka mpya Baba alibonyeza, na Holo akaanza kuimba papo hapo, bila salamu. Baba akasimamisha. Akairudisha nyuma kwa kalamu, mpaka mwanzo kabisa. Akabonyeza tena.

"Jina lake liko wapi?"

"Baba, si tunamjua? Ni Holo."

"Unamjua wewe," akasema. "Kanda haimjui. Siku wewe hupo, atakuwa nani?"

Hakunichapa. Aliitoa kanda aliyoipenda kuliko zote, mashindano yakaendelea bila yeye kuleta kitu. Alikusudia kurudi Ushetu kumrekodi upya, lakini kabla ya masika kwisha habari zikaja kwamba Holo amefariki kwa homa. Sauti yake ikijitaja haipo tena popote duniani. Niliifuta mimi, kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu.

Sasa nije kwenye hasira yangu.

Mwana wa Dotto anaitwa Masanja. Ana duka palepale stendi, la kuingiza nyimbo kwenye simu na flashi. Ni mtu mzima, ana mke, ana kiti kinachozunguka. Baba ni mzee sasa, anatembelea fimbo, na ile desturi ya mwaka mpya tunaishika bado, ila mkeka umekuwa viti vya plastiki na kanda zimekuwa simu. Vijana wetu wana nyimbo elfu mfukoni na hakuna hata mmoja waliousikia mpaka mwisho. Ukiwauliza albamu bora ya mwaka wanakuonyesha kipande cha kucheza nacho cha nusu dakika. Kidole kinaruka, kinaruka, kama kuku anayedonoa changarawe.

Mwaka huu nilikuwa na orodha yangu tayari. Ya tatu, kwaya moja ya Katoro yenye sauti za wazee ambazo siku hizi kwaya zinazionea aibu. Ya pili, kijana wa Shinyanga mjini na gitaa moja tu. Kisha, Jumapili iliyopita, siku ya viti vya plastiki, Masanja akaja na kitu.

"Shikamoo, babu. Mwaka huu nawapiga wote," alisema, akaweka simu mezani.

"Marahaba," Baba akajibu. "Ulisema hivyo mwaka jana ukaleta king'ora."

"Ile ilikuwa muziki, babu. Masikio yako ndiyo yamestaafu."

Akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamke, nyimbo nane mfululizo. Aliimba juu ya machimbo, juu ya karasha inayosaga mawe kutwa, juu ya kina mama wanaoponda kwa nyundo wakiwa na watoto mgongoni, vumbi limewafanya wote wa umri mmoja. Hakulia, hakubembeleza. Baba aliweka fimbo chini. Dotto akaacha kuosha vyombo. Ilikuwa kama Holo amerudi akiwa na mambo mapya ya kusema, na nilijua kabla ya wimbo wa tatu kwamba orodha yangu imepata namba moja.

Lakini kila wimbo ulipoanza, alipovuta pumzi na kusema "Nene ng'wana," hapohapo sauti nene ya mwanamume ilimrukia: "Masanja Muziki, Kahama yote inajua." Ikiisha, yeye yuko tayari kwenye ubeti wa kwanza. Nyimbo nane. Mara nane.

"Ng'wana nani?" Baba akauliza.

"Ndiyo tangazo la duka, babu. Bila hilo watu wanaiba."

"Sikuuliza duka. Ng'wana nani?"

Masanja akatazama simu. Faili liliandikwa Mama Karasha Mpya, na namba. Alisema nyimbo zilitoka kwa mteja wa Runzewe, ambaye naye alizipata kwa mtu wa machimboni.

"Irudishe ile ya mwanzo, isiyo na tangazo lako," nikamwambia.

"Nilishaifuta, ma'mdogo. Ilikuwa inajaza nafasi. Kwani wateja wanataka jina? Wanataka mdundo."

Nilipandwa na hasira ambayo sijaisikia kwa miaka. Nilimwambia maneno ambayo Dotto hakuyapenda. Nilimwambia kwamba mwanamke yule amesaga mawe kutwa, akapata pumzi ya kusema yeye ni nani, na yeye Masanja, kwenye kiti kinachozunguka, amemkalia mdomoni. Alimtazama babu yake, akitumaini utani. Baba hakutania. Alinitazama mimi, muda mrefu, na nikaelewa kwamba anakumbuka karatasi niliyoitafuna.

"Toa," akasema.

Na namba moja ikatoka.

Enzi zetu tulikuwa na redio moja, betri za kuanika na kanda za kuhesabika, lakini mwimbaji alifika kwetu akiwa na baba yake, kijiji chake na mwalimu wake. Leo anafika kwenye maelfu ya simu, Kahama hadi Geita, anachezwa kwenye mabasi na harusi, na amefika peke yake, kama mtu aliyeokotwa njiani. Hilo si kosa la mitambo. Mitambo haikumlazimisha Masanja, na haikunilazimisha mimi.

Tofauti ni moja tu, na ndiyo inayoninyima usingizi: Holo alikuwa amekufa, huyu yu hai. Jumamosi mimi na Masanja tunapanda basi kwenda Runzewe, kupita karasha moja baada ya nyingine. Amenung'unika kwamba atafunga duka siku nzima. Babu yake amemwambia akirudi bila jina asipige hodi.

Orodha yangu ya mwaka nimeiandika upya kwenye daftari. Ya tatu, kwaya ya Katoro. Ya pili, kijana wa gitaa. Sheria ya Baba inasema ya kwanza ibaki tupu, na sijaijaza. Nimeandika maneno mawili tu ya yule mwanamke, kama alivyoyasema kabla hajafunikwa, Nene ng'wana, na mbele yake nimeacha mstari mrefu.