Kisu cha Mkono wa Kushoto

Anayewajibika kwa kosa la kwanza ni mimi, baba mzazi wa Rehema. Anayewajibika kwa kukataa kutoa maelezo ni meneja wa duka moja la visu huko Deira, Dubai. Nimeanza hivyo ili kumbukumbu zikae sawa. Nilikuwa karani wa masjala hadi nilipostaafu, na sikupata kuingiza katika jalada jambo nisilolithibitisha. Basi niamini.

Rehema ni mpishi katika mkahawa wa Kijapani kule Dubai Marina, nami naishi naye International City. Mpishi mkuu alimtaka Jumamosi aje na kisu chake mwenyewe, akate sashimi, yaani minofu ya samaki mbichi, mbele ya wageni. Akishindwa, angerudi kuosha sufuria. Minofu yake ilikuwa ikichanika kila siku, na wenzake walimtania kwamba samaki wake hufa mara mbili. Nikaamua kumnunulia kisu mimi.

Niliingia duka lile la Deira saa tisa alasiri, kweupe kabisa. Binti wa Kikenya aliyekuwa akihudumu alinishikisha kisu kirefu, chembamba. "Chukua hiki, mzee wangu, hutajuta," akasema, akaingia stoo kutafuta boksi lake. Hapo ndipo nilipomwona mzee wa Kijapani upande wa pili wa kaunta, ameketi kitini, ananoa kisu juu ya jiwe lililolowa. Alinoa kwa mkono wa kushoto.

Bila kuinua macho, alinieleza kwamba kisu cha sashimi hunolewa upande mmoja tu, na nilichoshika kilimfaa mtu wa mkono wa kulia. Mkononi mwa mwenye shoto kingekwenda mrama na kuuchana mnofu. Nikamjibu kwamba mwanangu hutumia wa kulia.

"Anautumia," akasema, "au ulimfunga ule mwingine kwa kitambaa cha kijani?"

Je, wewe ungejibu nini? Kitambaa hicho nilimfunga Rehema nyumbani Korogwe, akiwa mdogo, kwa kuwa alikula kwa kushoto mbele ya wageni nami nikaona haya. Dubai nzima hakuna aliyelijua hilo ila mimi na Rehema. Tena ndipo nilipotanabahi kwamba mzee yule alikuwa akisema nami Kiswahili.

Akakilaza kisu chake juu ya kaunta, baina yetu. Katika chuma kile nilipaswa kuuona uso wake. Niliiona rafu iliyokuwa nyuma yake.

Yeye akaendelea kwa upole. Kikaushwe mara tu kinapooshwa, maana hushika kutu upesi. Kisiguse mfupa. Kinolewe kwa jiwe na maji, kamwe si kwa mashine, kisha kilale katika ala yake ya mti. "Na umwache akishike anavyotaka," akamalizia.

Binti aliporudi, kiti kilikuwa kitupu na jiwe lingali limelowa. Akaniapia kwamba dukani wako wawili tu, yeye na meneja, na kwamba visu vya shoto hawajapata kuwa navyo. Meneja alikitafuta kile cha mzee, kilichobaki juu ya kaunta, katika orodha ya bidhaa, hakukiona. "Khalas, yaishe, mzee, si chetu. Chukua uende." Nilimwomba aandike maneno hayo na kutia sahihi. Alikataa.

Jumamosi Rehema alikishika kwa kushoto, na minofu ikalala sahanini bila mchaniko hata mmoja. Mpaka leo kaunta ya samaki ni yake. Kila akirudi hukikausha kisu kile, nami nikitazama ndani yake hutuona sisi wawili, na nyuma yetu kiti cha jikoni, ambacho si kitupu tena. Sijaogopa.

Kwa hiyo namtaka meneja aeleze kwa maandishi mzee yule ni nani, ili nimshukuru rasmi. Vilevile namtahadharisha kila mzazi aliyewahi kufunga mkono wa mtoto: yupo anayejua mpaka rangi ya kitambaa. Andika maelezo ya kosa lako na umkabidhi mwanao mwenyewe. Yangu Rehema ameyapokea, kwa mkono wa kushoto, nami sikumkemea.