Ng'ombe Wangu Aliyegeuka App

Nichekeni tu, mimi machozi yameniishia. Nauza dagaa kwa jumla hapa Busia, na juzi nilimuuza ng'ombe wangu wa pekee ili nitengenezewe app.

Fundi Okello alinisihi: "Mama, tuweke tovuti. Mteja ataifungua hata kwa simu ya kuazima, bila kupakua kitu."

"Tovuti ni ya wanyonge," nikamjibu. Kiburi hicho!

Siku ya uzinduzi nikawakusanya wateja sokoni, mchungaji akaiombea app. "Haya, toeni simu!" Wakatoa simu za tochi. Nilisahau kwamba siku ya soko sisi wanawake wa mpakani simu kubwa tunaziacha nyumbani, maana kwenye njia za panya wezi hawalali.

Mchungaji akaniazima yake kubwa. Ilikuwa imejaa nyimbo, app ikakosa nafasi.

"Basi leta yako, mama," akasema Achieng, mteja wangu wa Iyolwa, ng'ambo ya pili Uganda. "Si iko na app ndani?"

Nikaingiza mkono kifuani kwa madaha, nikaiinua juu wote waione: simu ya tochi, imefungwa raba, inawaka mchana kweupe.